Pruitt-Igoe haikuuawa na wapangaji, acheni uzushi!

Wakuu, nimechoka. Kila ukianza mjadala wa nyumba za serikali, lazima atokee mjuaji abandike ile picha ya Pruitt-Igoe, mtaa wa nyumba za serikali mjini St. Louis, Marekani, jengo lake likiporomoshwa kwa baruti mwaka 1972, kisha atoe hukumu: maskini hawawezi ghorofa. Uvivu wa kusoma tu!

Majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba 2,870, wapangaji wa kwanza waliingia 1954. Pesa ya kujenga ilitoka serikali kuu. Matengenezo? Yatoke kwenye kodi za wapangaji. Hapo hapo sheria ya 1949 ikataka kodi ya nyumba hizi iwe angalau asilimia 20 chini ya ile ya soko, ili wenye nyumba binafsi wasikose wateja, na mpangaji akipandisha kipato anatolewa. Yaani anayeweza kulipa unamfukuza, halafu unamtegemea asiyeweza akununulie vipuri vya lifti. Nani alipiga hesabu hii?

Mji nao ukawa unakimbiwa: watu 856,796 mwaka 1950, 622,236 mwaka 1970. Nyumba tupu hailipi kodi ila mabomba yanapita humo humo. Kioo kikivunjika wakati wa baridi kali na kisizibwe, maji yanaganda bombani, bomba linapasuka, na anayelowa ni jirani wa chini ambaye kodi yake imelipwa.

Tena walibana matumizi pasipobanika. Lifti ilisimama ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 tu. Ukikaa ya 6, unashukia ya 7 au ya 4 na mizigo yako, unamalizia kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo vibaka walizojificha. Vyoo vya chini vilifutwa kwenye michoro. Mtoto anayecheza nje kabanwa, lifti inachelewa, mnategemea nini? Baadaye mnashangaa lifti kunuka mkojo na kumlaumu mzazi wake.

Najua kuna watakaonitajia Carr Square Village, ng'ambo ya barabara, nyumba za chini zilizodumu na wapangaji wa hali ile ile. Sawa kabisa! Nyumba ya chini haina lifti ya kuharibika. Ukichagua ghorofa 11 umechagua pia bili yake ya kila mwezi. Wao walichagua ghorofa, bili wakaikwepa, na mwaka 1969 wapangaji wakagoma kulipa kodi kwa miezi kama tisa.

Sasa nyie wa leo mnaotuonyesha michoro ya rangi na kukata utepe: mfuko wa matengenezo uko wapi? Unachangiwa kiasi gani kwa kila nyumba kwa mwezi, uko kwenye akaunti yake au umechanganywa na mapato mengine, nani anasaini? Mkataba wa fundi wa lifti ni wa miaka mingapi baada ya mkandarasi kuondoka? Na pampu ya maji ikiungua Ijumaa usiku, nani ana hela ya kununua nyingine Jumamosi asubuhi bila kusubiri kikao?