Mkondo wa amali: je, mtoto wa kidato cha kwanza achaguliwe fani?

Mleta mada: Tangu Januari 2024, baadhi ya shule za sekondari Tanzania hupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Humo mtoto husoma fani kama uashi, umeme au ushonaji, pamoja na masomo ya jumla kama Hisabati na Kiingereza. Siipingi amali hata kidogo. Shaka yangu ni umri, kwa kuwa mtoto wa miaka 13 au 14, ambaye hajawahi kushika randa, huchaguliwa fani na mzazi au na nafasi iliyobaki. Napendekeza wote wapite karakana zote miaka miwili, ndipo kila mmoja achague akifika kidato cha tatu.

Mchangiaji wa kwanza: Miaka miwili inayobaki haimtoi fundi. Gereji ya mtaani kwetu ina kijana aliyeanza kuosha vipuri kwa dizeli akiwa na umri huohuo. Leo husikiliza injini inavyounguruma akakutajia nozeli iliyoziba kabla hajafungua boneti. Alichokosa ni cheti tu.

Mchangiaji wa pili: Nyote mnabishania umri, nami nauliza bajeti. Michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu tulikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Katika shule moja niliyofundisha, mashine ya kukereza ilifunikwa turubai baada ya mkanda wake kukatika, kwa sababu hapakuwa na fungu la kununua mwingine, nasi tukawa tunaichora ubaoni ilhali yenyewe imesimama hatua chache kutoka darasani. Kwa vile ada ya sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, nondo, saruji na nyaya za mazoezi ya kila muhula atanunua nani?

Mleta mada: Mwalimu, hapo umenibana, maana karakana ikitumiwa na wote gharama itapanda zaidi. Hata hivyo, tusisahau kwamba kijana wa gereji aliifuata injini kwa miguu yake mwenyewe, hakupangiwa. Basi napunguza dai langu: uwepo muhula mmoja wa kuzipitia fani zote zilizopo shuleni, kabla jina la mtoto halijaandikwa kwenye fani yoyote.