Naomba ushauri: kuongeza seli kwenye betri ya baiskeli ya umeme

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, Ngamiani. Baiskeli yangu ina betri ya volti 48, seli za lithiamu za 18650 (zile za duara ndefu): makundi 13 ya mfululizo, kila kundi seli 4 sambamba. Ina miaka miwili. Zamani nilienda Pongwe na kurudi bila wasiwasi, siku hizi narudi nikiisukuma (na jua la huku mnalijua).

Nimepata seli mpya 26, nataka kila kundi liwe na 6. Nimepima za zamani kwa mita: chaji ikijaa makundi mengi yanasoma volti 4.18, ila moja halipiti 4.05 na linashuka haraka kuliko wenzake. Mpya zinasoma 3.6, kwa hiyo sijaunganisha chochote. Volti zikitofautiana, iliyojaa inamwaga umeme kwa kishindo kwenye iliyo chini, na moto wa lithiamu si wa kuzima kwa khanga mbichi.

Nikishazisawazisha volti, mpya na zilizochoka zinaweza kukaa kundi moja, au nijenge betri nyingine kabisa? Na BMS (saketi inayolinda betri) ya ampea 20 ibaki ileile, maana mota sijabadilisha?