Land Rover Series III inachemka kwenye foleni: je, niondoe feni ya chuma na kufunga feni za umeme?

Wa_Kimara:

Habari za kazi, wakuu. Ninalo gari aina ya Land Rover Series III la mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25, ambalo niliachiwa na baba mdogo na ambalo kwa sasa ndilo linalonipeleka kazini. Kila asubuhi ninatoka nalo Kimara kuelekea mjini kwa Barabara ya Morogoro. Mpaka ninapokaribia Ubungo mshale wa joto huwa umetulia katikati, lakini foleni ikishasimama kwa dakika kumi hivi, mshale huanza kupanda taratibu hadi kugusa alama nyekundu, na mara mbili maji yamefoka kwenye kifuniko cha rejeta (kipoza maji ya injini) mbele ya wasafiri waliojaa kituoni. Foleni ikifunguka na nikatembea mita mia tatu au nne, mshale hurudi wenyewe. Jumapili iliyopita nilikwenda Chalinze na kurudi kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, jua likiwa kali, na mshale haukutikisika.

Fundi wangu anashauri tuitoe feni ya chuma iliyofungwa kwenye puli ya pampu ya maji, kisha tufunge feni mbili za umeme zenye kipenyo cha inchi 12, ambazo nimekwisha kuzinunua Ilala kwenye vipuri vilivyotumika. Anataka kuziunga moja kwa moja na swichi ya kawaida kwenye dashibodi, niwe ninaziwasha mwenyewe nikiingia kwenye foleni. Anasema pia kwamba nitaokoa petroli. Naomba kujua kama feni hizo zitatosha, kama zifungwe mbele au nyuma ya rejeta, na kama umeme wa gari la zamani namna hii utazimudu.

Fundi_Umeme_Gerezani:

Ndugu yangu, safari yako ya Chalinze imejibu nusu ya swali kabla hatujashika spana. Rejeta inahitaji maji yapite ndani yake na hewa ipite nje yake. Gari likishavuka mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo wa barabarani peke yake unatosha, na feni, iwe ya chuma au ya umeme, haina kazi kubwa. Kama rejeta ingekuwa imeziba kwa kutu, au themostati (mlango mdogo unaoyaruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta) haifunguki vizuri, au gasketi ya silinda hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, inapenyeza gesi kwenye maji, gari lingekusumbua zaidi huko njia kuu, ambako injini inatoa joto jingi kwa muda mrefu. Lako linachemka likiwa limesimama na linapoa likitembea, kwa hiyo linakosa hewa. Feni ndiyo mshukiwa wa kwanza, ingawa wa pili ni taimingi ya moto (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyochelewa, ambayo nayo hupasha injini joto kwenye mzunguko wa chini, na kuikagua hakukugharimu kitu.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Alteneta (jenereta ya kuchaji betri) ya asili ya Series III, ile Lucas 16ACR, hutoa ampea 34, na hizo huzitoa ikiwa inazunguka kwa kasi. Fikiria unarudi nyumbani saa moja usiku mvua ikinyesha. Taa kubwa mbili zinakula karibu ampea 10, koili ya moto 3 au 4, taa ndogo 2, na vifuta kioo 3 au zaidi, kwa hiyo umekwisha kutumia karibu 18. Feni za inchi 12 za namna uliyonunua hula kiasi cha ampea 10 kila moja zikishashika mwendo, na sekunde ile ya kuwaka huvuta mara mbili au tatu ya hapo. Jumla yako imefika 38. Tena uko kwenye foleni, injini iko kwenye mzunguko wa chini, na alteneta haifikishi hata nusu ya zile 34. Pengo lote hilo linalipwa na betri. Utafika Kimara salama, utazima gari, na asubuhi utaomba majirani wakusukume. Kwa hiyo, ukiamua kufunga feni za umeme, anza na alteneta ya ampea 65 au zaidi, na hizo zinapatikana hapo hapo Ilala.

Swichi ya dashibodi peke yake siiafiki hata kidogo. Ampea 20 zikipita kwenye swichi ndogo na waya mwembamba, plastiki huyeyuka, na siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku utakayonunua silinda hedi. Toa waya kwenye betri, weka fyuzi isiyozidi shubiri moja kutoka kwenye betri yenyewe, kisha upite kwenye rilei (swichi ya umeme mkubwa inayoamrishwa na umeme mdogo), rilei moja kwa kila feni, na waya wa milimita za mraba 4 kwa kila moja. Eathi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, iwe ya unene ule ule, iungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, maana bodi la Land Rover ni la alumini na viungo vyake vya zamani hupitisha umeme kwa kusuasua. Swichi ya joto ndiyo iiamrishe rilei. Ukiifunga upande wa mpira wa juu, chagua inayowasha kwenye nyuzi 92 hivi na kuzima kwenye 87. Usichague iliyo chini ya joto la kufunguka kwa themostati, ambayo kwa wengi ni nyuzi 82, kwa sababu injini yenyewe haitashuka chini ya hapo na feni zitafanya kazi mchana kutwa.

Kuhusu petroli, piga hesabu. Ampea 20 kwa volti 13.8 ni wati 276, ambazo alteneta inazichukua kwenye injini ile ile kwa mkanda ule ule, na yenyewe hupoteza karibu nusu njiani. Unafuu upo kwa anayeendesha njia kuu, ambako feni ya umeme hulala. Wewe unaishi kwenye foleni.

Mzee_wa_Iringa:

Vijana, nawasalimu. Fundi amesema vizuri sana habari za umeme, nami ninakubaliana naye, ila namwomba mwenye gari asiitupe feni ya chuma kabla hajafungua boneti na kutazama kitu kimoja. Series III ilitoka kiwandani ikiwa na kava la bati linaloizunguka feni na kushikamana na rejeta. Kazi ya kava hilo ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia kwenye rejeta. Bila hilo, mapanga yanazungusha tu hewa ya moto iliyoko ndani ya boneti, na gari likisimama linachemka kama lako linavyochemka. Mafundi hulitoa wakati wa kubadilisha pampu ya maji kwa sababu linawabana mikono, kisha hawalirudishi. Mwenzako mmoja hapa kwetu alitumia lake kunyweshea kuku.

Hakikisha pia kwamba mshale hausemi uongo. Kwenye dashibodi ya gari hilo kuna kifaa kidogo kinachoshusha umeme hadi volti 10 kwa ajili ya geji ya joto na geji ya mafuta kwa pamoja. Kikiharibika, au kikikosa eathi, geji zote mbili husoma juu kuliko ukweli. Ukijaza lita kumi na geji ikakuambia tangi linakaribia kujaa, basi hata ule wekundu unaouona usiuamini wote. Lakini kwa kuwa maji yamefoka kweli, naona joto lako ni la kweli, na kifuniko cha rejeta kibadilishwe, kwa sababu kisipobana presha, maji huchemka mapema. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 tu, na ninyi wa pwani mnajiona salama kwa sababu ya nyuzi tano.

Mimi niliwahi kufunga feni ya umeme kwenye gari langu, na nitaeleza kosa langu ili lisirudiwe. Niliipachika kwa zile kamba za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi ya rejeta. Kwa wiki sita ilikuwa safi. Kisha nikapanda mlima wa Kitonga na mzigo wa mahindi, gia ya pili, na mtikisiko ukaifanya kamba moja ikate bomba jembamba la rejeta kama msumeno. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, na lilitosha kunilaza njiani. Feni ifungwe kwenye fremu ya chuma bapa inayoshikwa na boliti za pembeni za rejeta, isiguse mapezi kabisa. Tena mlima kama ule, mwendo wa kilomita 20 na injini ikizunguka kwa kasi, ndipo feni ya chuma inapoishinda ya umeme, kwa sababu injini ikizidi kuzunguka nayo huzidi kuvuta, ilhali ya umeme inabaki pale pale.

Ila nitaitetea ya umeme kwa jambo moja: ukivuka mto unaizima, na haikurushii maji kwenye plagi.

Bandari_Hilux:

Hamjambo kutoka Mombasa. Naomba kudandia mada hii, maana yangu ni kinyume. Pick-up yangu, Toyota Hilux ya zamani, niliwekewa feni moja kubwa ya umeme nyuma ya rejeta, pamoja na rilei na swichi ya joto kama alivyoeleza Fundi. Mjini si mbaya sana. Nikiishika barabara ya Malindi kwa mwendo wa 80, feni huwaka na mshale huzidi kupanda badala ya kushuka. Rejeta ilizibuliwa mwezi uliopita na themostati ni mpya.

Fundi_Umeme_Gerezani:

Kaka, washa gari hadi feni iwake, kisha shika ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya rejeta, usawa wa feni. Ukivutwa na kunata, tutatafuta tatizo kwingine. Ukisukumwa kuelekea kwako, feni yako inazunguka kinyumenyume na inapigana na upepo wa barabarani. Rangi za waya za feni zilizotumika hazifanani, kwa hiyo kosa hili ni la kawaida kuliko mafundi wanavyokiri. Badilisha chanya na hasi kwenye mota, nayo itageuka. Angalia tu kwamba mapanga yenyewe ni ya kuvuta. Feni iliyotengenezwa kusukuma hewa, hata ukiigeuza waya ikavuta, mkunjo wa mapanga unakuwa umekaa vibaya na nguvu yake hupungua sana.

Wa Kimara, hapo umepata jibu lako la mbele au nyuma: nyuma na ivute, kama nafasi inaruhusu. Ikiwa mbele inaziba njia ya upepo hata ikiwa imezimwa. Pima kutoka pua ya pampu ya maji hadi kwenye rejeta baada ya kuitoa feni ya chuma. Feni nyingi zina unene wa sentimita 7 hadi 10, na injini hutikisika, kwa hiyo acha upana wa vidole viwili.

Bandari_Hilux:

Gazeti lilinijia usoni. Nimegeuza waya, na leo nimekwenda Kilifi na kurudi bila tatizo. Ahsante sana, Fundi.

Wa_Kimara:

Shikamoo, mzee wangu wa Iringa, na ahsante, Fundi. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kitu kimoja kimoja.

Kava halikuwapo. Matundu manne ya boliti zake yapo kwenye fremu ya rejeta, mawili yakiwa yamejaa matope makavu. Nilifanya jaribio la gazeti hata kwa feni yangu ya chuma, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na ukurasa ulishika sehemu ndogo ya katikati tu, halafu ukateleza na kuanguka chini. Fundi bati wa Manzese amenitengenezea kava kwa bati, mviringo wake ukiacha nafasi ya kidole kimoja kuzunguka ncha za mapanga. Nilirudia jaribio, na gazeti lilinata kwenye rejeta kona hadi kona, mpaka nikalazimika kulibandua kwa kucha. Nimebadilisha kifuniko pia. Taimingi ilikuwa imechelewa kidogo, nayo imerekebishwa.

Nimekwisha kupita Ubungo asubuhi nane tangu hapo. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumanne, tuliposimama dakika ishirini na tano, na mshale ulipanda hadi robo tatu ukakaa hapo hapo. Kwa hiyo feni za umeme nimeziweka stoo. Swali langu lililobaki ni kama robo tatu ni mahali pa kukubalika, au niendelee kutafuta.

Mzee_wa_Iringa:

Marahaba. Pima kwa kipimajoto cha kulenga kwa mwanga kwenye nyumba ya themostati wakati mshale uko hapo robo tatu. Ukipata nyuzi 95 au chini yake, endesha gari. Ukipata zaidi, peleka rejeta ikafunguliwe tangi la juu na kuzibuliwa kwa vijiti, kwa sababu hewa umekwisha kuipata na kilichobaki ni maji.

Fundi_Umeme_Gerezani:

Na zile feni usiziuze bado. Ukiwa na nafasi, niletee nizipime ampea, maana moja ya mbili za mtumba mara nyingi huwa bushi zake (vishikio vya mhimili wa mota) zimekwisha, nayo hula mara mbili ya mwenzake.

Wa_Kimara:

Nimepima leo saa mbili asubuhi, mbele ya kituo kile kile: nyuzi 91. Feni nitazileta Jumamosi.