Corolla 100 inakata nguvu mlima wa Lushoto, nabadilisha injini. Naombeni ushauri

Mkazi wa Pongwe
Habari za mchana wakuu. Nipo Tanga, nina Corolla 100 ya mwaka 1994, injini 5A, gia za mkono. Asubuhi inawaka mara moja tu, silensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia. Muheza mpaka Korogwe naenda vizuri nisipokimbia. Nikiacha barabara kuu pale Mombo kuanza kupanda Lushoto ndipo mateso yanapoanza. Nikikanyaga mafuta inakohoa, inamisi, inakosa nguvu, na kabla sijafika Soni inazima. Nikipumzika pembeni kidogo inawaka tena, inapanda kona kadhaa, kisha yale yale.

Plagi mpya, waya za plagi mpya, filta ya mafuta mpya. Mke wangu anafundisha huko juu na ana ujauzito wa miezi minane, kwa hiyo sina muda wa kubahatisha. Nimeamua kubadilisha injini. Swali langu ni moja tu: nirudishe 5A ile ile au nipande 4A, iliyo kubwa kidogo? Naomba tujibizane hapo hapo.

Ngoja Waje
Nakaa mbele kabisa, wataalamu waje.

Kisiki cha Mpingo
Uza hilo, ongeza hela kidogo, chukua IST. Gari la 1994 mkuu, kuna watu wamezaliwa baada yake na sasa wana wajukuu njiani.

Spana 14
Mkuu, pole. Mimi ni fundi, hizi 5A nimezishika tangu zinaingia nchini. Sikujibu swali lako kwanza, kwa sababu dalili ulizoandika si za injini iliyokufa. Injini iliyochoka inachoka hata tambarare, inakula oili, inatoa moshi, na haiponi kwa kupumzika pembeni. Yako inaomba mafuta mlimani haipati.

Nijibu haya: taa ya mafuta huwa inawaka mara nyingi? Gari limewahi kukaa bila kutembea? Tanki limewahi kuguswa? Na nani amekwambia injini imekufa?

Mkazi wa Pongwe
Asante Spana. Mafuta naweka ya kutosha. Gari linatembea kila wiki. Injini imepimwa na mashine, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) hakuna. Ndiyo maana nimeuliza 5A au 4A.

Mzee wa Sheli
Hapo ni mafuta. Nimefanya kazi sheli miaka mingi. Vijana hamkumbuki zamani ile petroli inachanganywa na mafuta ya taa mpaka magari yanakufa barabarani. EWURA, wasimamizi wa nishati, walipoanza kuweka vinasaba vya kugundua mafuta yaliyochanganywa mwaka 2010, na serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata, ndipo tukapumua. Lakini anayenunua kwenye madumu barabarani bado anacheza na moto. Mleta uzi unanunua wapi?

Mkazi wa Pongwe
Sheli tu mzee wangu. Sijawahi kununua dumu.

Dereva wa Usiku
Hii imenikumbusha Mark II yangu, usiku wa manane, Segera naelekea Chalinze. Linakohoa, linazima, nakaa, linawaka. Abiria wangu mmoja alikuwa shehe, akaanza kusoma dua. Kila akimaliza linawaka, tunaenda, linazima, anaanza upya. Alfajiri fundi wa Chalinze akafungua mfuniko wa tanki tu, likavuta hewa fyuuuu. Tundu la kupumulia kwenye mfuniko lilikuwa limeziba, pampu inavuta mafuta lakini hewa haiingii kujaza nafasi. Jaribu, haina gharama. Likianza kuzima, fungua mfuniko usikilize.

Spana 14
Dereva amesema kweli, hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Mkazi, mengine ya bei nafuu haya hapa. Chomoa ile filta mpya. Igeuze, mimina mafuta yaliyomo kwa upande wa kuingilia, yaangukie kwenye chombo cheupe. Yakitoka ya kahawia na punje, tanki lako linamwaga kutu, na kubadilisha filta peke yake ni kujisumbua.

Halafu pampu. Kwenye boneti kuna kijisanduku kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kiwaya, washa swichi bila kupiga stata. Pampu itazunguka, utaisikia ndani ya tanki. Kisha funga geji ya presha. Kwa injini hii, ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) unatakiwa uone kati ya psi 38 na 44, na ukiurudisha gari likiwa silensi iwe 31 mpaka 37. Kabla ya kufungua bomba lolote toa waya hasi wa betri, funika kiungo kwa kitambaa maana mafuta yana presha, na mwenye sigara akae mbali.

Mama Zuhura
Nyie wanaume mnajadili pampu. Kaka, mwanamke wa miezi minane hapandishwi wala kushushwa na gari linalozima kwenye kona za Soni! Mlete Tanga kwa basi mapema akae karibu na hospitali ya Bombo. Gari litasubiri, mtoto hatasubiri.

Mkazi wa Pongwe
Mama Zuhura nakuelewa, ndilo linaloninyima usingizi.

Spana, nimemimina filta. Ni kahawia, na chini kuna unga. Lakini tanki lilishatengenezwa, sidhani kama ni hilo.

Spana 14
Lilitengenezwa lini, na lilikuwa na nini? Nilikuuliza ukanijibu kuhusu kompresheni.

Mkazi wa Pongwe
Sawa. Gari lilikuwa la marehemu baba. Alipofariki lilikaa uani Tanga zaidi ya mwaka, juu ya matofali, na mafuta kidogo ndani. Tulipoliwasha tanki likawa linavuja chini. Fundi akaziba kwa sabuni ya mche kwanza, baadaye akaweka gundi ya chuma. Halivuji tangu hapo. Filta nikabadilisha. Kwa hiyo upande wa mafuta niliumaliza, na sikuona sababu ya kuchosha watu na historia ya familia.

Kisiki cha Mpingo
Sabuni ya mche! Gari limeoga kabla ya safari.

Mzee wa Sheli
Usicheke kijana, sabuni imefikisha watu wengi nyumbani, petroli haiiyeyushi haraka. Lakini ni ya kufikia nyumbani, si ya kukaa nayo.

Spana 14
Basi jibu lako lote liko hapo. Tanki lenye mafuta kidogo lina hewa nyingi, na hewa ya Tanga ni ya bahari. Usiku inapoa, unyevu unageuka matone kwenye bati kwa ndani, maji yanashuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na huko chini ndiko kutu inakoanzia. Lililotoboka kwa nje lilishaliwa kwa ndani. Petroli iliyolala muda mrefu nayo inaacha utando unaonata.

Chini ya pampu kuna kichujio cha kitambaa. Ukikanyaga mlimani pampu inavuta kwa nguvu, kutu yote inakimbilia kwenye kichujio na kukiziba. Ukizima, mvuto unaisha, kutu inadondoka, unawasha na kupanda kona mbili tatu. Ndiyo maana linapona likipumzika. Hata plagi zichomoe uzitazame: zikiwa nyeupe sana, silinda zinachoma hewa nyingi na mafuta kidogo.

Koili inayopeleka moto kwenye plagi ikipata joto nayo inazima gari na kulirudisha likipoa, sikatai. Lakini koili haimimini unga wa kahawia kwenye filta.

Jicho la Tatu
Samahani wakuu, mimi naona chai hapa. Post ya kwanza gari ni lake, sasa ni la marehemu baba. Hilo dogo. Kubwa ni hili: anasema limepimwa na mashine, kompresheni hakuna. Corolla ya Japani ya 1994 haina tundu la hizo mashine wanazochomeka kwenye magari ya sasa. Makosa yake unayasoma kwa kuunganisha TE1 na E1 kwenye kile kijisanduku, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Na kompresheni haisomwi hivyo hata siku moja, inapimwa kwa geji unayoifunga kwenye tundu la plagi. Halafu injini isiyo na kompresheni inawaka asubuhi mara moja tu? Huyu ama anatunga, ama ni dalali wa injini anapasha moto soko. Picha ziko wapi?

Ngoja Waje
Sasa umenoga. Nasogeza kiti.

Dereva wa Usiku
Hata mimi nilianza kujiuliza. Mtu anashauriwa pampu, anarudi kwenye injini tu.

Mkazi wa Pongwe
Situngi kitu. Gari ni la baba na ni langu pia: kwenye mirathi nililipa ndugu zangu mafungu yao, kwa hiyo nimelinunua kihalali. Mtu asinifanye mwizi wa mali ya marehemu.

Hiyo mashine sikuiona kwa macho. Gari liliachwa gereji moja mjini, majibu nikaletewa na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ndiye anayeniletea injini kutoka Dar. Advansi nimeshampa. Ni mtu mzima, amenisaidia sana wakati wa posa, siwezi kuamka leo nimwambie amenidanganya. Na injini mpya haina hasara, gari ni la zamani, ipo siku itahitaji tu.

Jicho la Tatu
Naondoa neno dalali, nililielekeza kwa mtu asiyestahili.

Mama Zuhura
Hapana, msimhukumu shemeji wa watu. Inawezekana naye aliambiwa na fundi hivyo hivyo. Lakini kaka, biashara na shemeji andikeni karatasi. Mimi na wifi yangu hatukusalimiana Idi nzima kwa sababu ya friji.

Spana 14
Siingii kwenye ya ukoo. Nasema hivi: ukifunga injini mpya leo, itakunywa kutoka kwenye tanki lile lile, na itazima kabla ya Soni. 5A au 4A, zote. Kuhusu kompresheni, omba geji hapo hapo Tanga, toa plagi nne, pima ukiwepo. Silinda zote zikikaribiana na kuwa juu ya psi 150, injini ya baba yako ni nzima. Kisha inua kiti cha nyuma, kuna kifuniko, pampu iko chini yake. Itoe uangalie.

Mkazi wa Pongwe
Nimerudi. Nimekuwepo mwenyewe mwanzo mpaka mwisho.

Kompresheni: ya chini 165, ya juu 172. Presha ya mafuta, mpira wa vakyumu ukiwa nje: psi 29, na tukipiga resi inashuka mpaka 15. Pampu tumeitoa. Kichujio kimejaa unga mwekundu kama ugoro, na vipande vya ile gundi vimeingia ndani.

Jicho la Tatu
Heshima yako mkuu. Hiyo 15 ndiyo Soni yenyewe.

Kisiki cha Mpingo
Basi nami nafuta IST. Injini ya marehemu ni chuma.

Spana 14
Safi. Usilisuuze hilo tanki, limeshaliwa, tafuta jingine la mtumba zima. Na yeyote akikwambia tulichomelee, kataa: tanki lililokauka lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka, mafundi wamekufa kwa hilo. Weka pampu na kichujio kipya. Mabomba yapulizwe kwa upepo yakiwa yamefunguliwa pande zote mbili. Filta badilisha leo, na badilisha tena baada ya wiki chache maana mabaki hayakosekani. Likiwa bado zito baada ya presha kurudi, ndipo tuzungumze nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini.

Mkazi wa Pongwe
Nimempigia shemeji. Hakufurahi, lakini injini ilikuwa haijapakiwa. Nimemwomba advansi ile igeuke tanki na pampu, inayobaki ibaki kwake mpaka tuonane ana kwa ana. Mke anashuka Jumamosi kwa basi.

Spana, hapa nimepata tanki la Corolla 110 kwa bei nzuri. Linaingia kwenye 100?

Spana 14
Usinunue kwa macho. Beba la kwako liwe kipimo, linganisha matundu ya mikanda, shingo ya kujazia, kifuniko cha pampu na bomba la kurudishia mafuta. Lisipolingana hata kimoja, tafuta la 100.