Mtoto hataki maini wala yai: mchicha na papai vitamtosha vitamini A?

mama_kidawa: Wadau habari za jioni. Binti yangu ana mwaka na miezi minne, tuko Morogoro. Maini anatema, yai ukimlazimisha anatapika. Bado ananyonya. Anachopenda ni ugali na mchicha, papai, na embe msimu ukifika. Jirani kanitisha: mboga ni maji tu, vitamini A iko kwenye nyama, mtoto ataharibika macho. Mchicha namchemshia na chumvi kidogo, bila mafuta, maana bibi yake anasema mafuta yanaleta kikohozi. Nifanyeje?

nesi_mstaafu: Pole mama. Jirani hajakosea kila kitu. Kwenye maini na yai vitamini A imeshakuwa tayari. Kwenye mboga na matunda kuna karotini, ambayo mwili wa mtoto ndio unaigeuza, na hesabu yake ni sehemu 12 za karotini kupata sehemu 1 ya vitamini A. Majani ndiyo yanaiachia kwa shida, papai na embe afadhali. Na bila mafuta hiyo karotini nyingi inapita tu. Kwa hiyo mchicha hauna kosa, kosa liko kwenye sufuria. Katakata majani madogo, pika, tia kijiko cha chai cha mafuta kwenye bakuli lake. Bibi msikilize kwa mengine yote.

mwana_ujiji: Huku Kigoma tunatia mawese mekundu, mambo yanaisha. Ila msiyachome mpaka yawe meupe! Rangi ikiondoka, karotini nayo imekwenda.

jembe_halimtupi: Tafuta viazi lishe, vile ambavyo ndani ni rangi ya karoti. Vyeupe ni vitamu lakini karotini hamna kitu. Huku Kanda ya Ziwa tuna Kabode na Ejumula. Omba marando kwa mwenye shamba, panda hata kwenye kiroba, miezi minne hivi unachimba, na majani ni matembele. Mimi nachemsha na maganda yake, namenya, naponda na karanga zilizosagwa laini. Hapo mafuta umeshayapata bila kwenda dukani. Msivione vya kimaskini: Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walipata Tuzo ya Chakula Duniani 2016 kwa viazi hivi hivi.

mama_kidawa: Asanteni jamani. Ila mtoto wa dada yangu anakula sana viazi hivyo na karoti, viganja vimekuwa vya njano. Si ugonjwa wa manjano?

nesi_mstaafu: Mtazameni macho. Yakiwa meupe safi na mkojo wa kawaida, ni karotini tu, akipunguziwa inaondoka. Macho yakiwa ya njano, kituo cha afya leo leo. Na wewe toa kadi ya kliniki uangalie kama Juni alipata matone ya vitamini A. Yanatolewa Juni na Desemba, kuanzia miezi 6 hadi 59, na wa umri wake hukamuliwa kile kidonge chekundu. Usijinunulie ukampa nyumbani, ya vidonge ikizidi inadhuru. Na ukiona anajikwaa giza likiingia, usingoje mchicha, mpeleke.

mama_kidawa: Nimeitoa kadi. Juni pako wazi, tulikuwa kijijini. Kesho asubuhi niko kliniki. Mchicha wa leo nimetia mafuta na kalamba bakuli. Bibi yake alikuwa msibani.