Mba chini ya rasta: dawa ipi, inakaa dakika ngapi, na mafuta yapakwe au la?

MsusiMabatini
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kazi ya saluni, hapa Mabatini, Mwanza. Wateja wengi wakifumuliwa rasta za wiki sita kichwa kinamwaga unga. Wengine wana magamba ya njano, yana mafuta, yameganda kwenye mistari ya kusukia. Tunawaosha kwa shampuu ya mba ya dukani, tunawapaka mafuta ya alizeti au grisi, lakini wiki haiishi unga umerudi. Dawa ipi inafaa, ikae muda gani, na asiyetaka kufumua anaoshwaje?

MfamasiaNera
Dada, hayo mafuta ndiyo yanakurudisha nyuma. Mba si ukavu. Kuna fangasi anaitwa Malassezia, yupo kwenye kichwa cha kila mtu mzima, na chakula chake ni mafuta ya ngozi. Akiyala anaacha asidi ya oleiki. Kichwa kisichoivumilia kinawasha na kujimenya kabla ya wakati. Alizeti na mzeituni anayala vilevile, kwa hiyo ukimpaka mteja umemwandalia fangasi futari.

Tumia shampuu ya ketokonazo 2%, mara mbili kwa wiki, wiki mbili hadi nne. Unga ukikoma, mara moja kila wiki moja au mbili ili usirudi. Soma kibandiko: chupa nyingi zilizoandikwa "ya mba" hazina ketokonazo, zina zinki pairithioni ya 1% au chini yake. Nayo inasaidia mba mwepesi, siyo hayo magamba ya njano.

Pengine hata dawa mnayo, ila inasuuzwa mapema. Povu la nusu dakika halijafanya kazi yoyote. Weka simu dakika tano.

KamangaFeri
Naongezea upande wa kuosha. Lowesha kichwa kwanza. Gawa nywele mafungu manne, mimina dawa kwenye ngozi, siyo kwenye nywele. Vijiko viwili vya chai vinatosha kichwa kizima. Sugua kwa ncha za vidole, kucha zikae mbali. Dakika tano, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha kondishina kuanzia katikati ya nywele kwenda chini, maana ketokonazo inakausha nywele zetu za kipilipili.

Magamba yakiwa mazito dawa haipenyi. Paka mafuta ya nazi nusu saa kabla, yalainike, halafu osha yote yatoke. Au anza na shampuu ya asidi ya salisiliki 2% au 3%. Usiyakwangue kwa kitana. Linalong'oka kwa nguvu linaacha kidonda.

Kwa mwenye rasta, tafuta chupa ya kubana yenye mdomo mwembamba, pitisha mdomo kwenye kila mstari. Wengi huichanganya dawa na maji nusu kwa nusu ili iteleze. Hapo 2% imekuwa 1%. Lowesha kichwa badala ya kuongeza maji kwenye chupa. Kisha mkaushe mpaka kwenye shina. Rasta zikifungwa kilemba zikiwa mbichi, jioni zinanuka na fangasi amestarehe. Na kwa mba mkali, wiki sita bila kufumua ni nyingi mno.

MsusiMabatini
Asanteni. Limau na magadi je? Wateja wanavipenda.

MfamasiaNera
Magadi yanaipandisha ngozi kwenye ualikali wakati yenyewe inataka asidi kidogo. Limau likikutana na jua hili la mchana, ngozi inaweza kuungua na kubaki na doa. Viache jikoni.

DagaaWaMwaloni
Kabla ya dawa angalieni ni mba kweli. Mtoto wa shule mwenye mabaka yaliyonyonyoka, nywele zimekatika zikaacha vidoti, na tezi zimevimba kisogoni, hayo ni mapunye. Fangasi wake yuko ndani ya unywele, shampuu peke yake haimfikii. Anahitaji vidonge, kwa kawaida griseofuvini wiki sita hadi nane, dozi kwa uzito, anaandika daktari. Magamba mazito ya rangi ya fedha yanayovuka mpaka wa nywele, na mengine kwenye viwiko na magoti, huenda ni soriasi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Na mba ukilipuka ghafla, mkali, ukishuka kwenye nyusi na pembeni ya pua, mshauri apime na VVU, kwa faragha, siyo mbele ya foleni. Wiki nne za dawa bila nafuu, aende kliniki ya ngozi.

Mba hauambukizi, mapunye yanaambukiza, na kitana hakijui tofauti. Osha vitana kwa sabuni, kisha loweka dakika kumi kwenye jiki: ile ya 3.5%, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Mikasi na mashine zitapata kutu, hizo futa kwa spiriti ya 70%.

MsusiMabatini
La mwisho: yupo anayetaka dawa ya kunyoosha Jumamosi hii, na kichwa kina michubuko.

KamangaFeri
Mrudishe nyumbani. Dawa ya kunyoosha kwenye mchubuko inachoma mpaka malengelenge. Ngozi ifunge kwanza, na siku chache kabla ya kupaka asikune wala asichane kwa nguvu.