Mji wa katoni kwa mtindo wa Kingelez: minara inapinda

Sanaa_Kondele
Hamjambo wasanii. Tunajenga mji wa kufikirika wa katoni, tukifuata msanii Bodys Isek Kingelez wa Kongo, uonyeshwe hapa Kisumu. Minara ya sentimita 60 inapinda na karatasi ya rangi inafanya malengelenge. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Kosa liko wapi?

Fundi_Manila
Kosa ni maji. Katoni ikilowa upande mmoja hutanuka, ikikauka hujivuta na kupinda. Tena uji huota ukungu na kuita mende, hasa kwa unyevu wa ziwa wakati wa masika. Tumieni gundi nyeupe ya mbao. Kwenye maungio pakeni bila maji. Ya kubandikia karatasi, vipimo 2 vya gundi kwa 1 cha maji, mpake kidogo tu, kisha msukume hewa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda kingoni. Bandikeni pande zote mbili za katoni, ilale chini ya vitabu vizito usiku kucha, ndipo mkate.

Mnara wa kimo hicho unataka sakafu ndani kila sentimita 10. Na mifereji ya katoni (mawimbi yaliyo katikati ya karatasi zake mbili) isimame wima! Ikilala, ukuta unakunjika kwa uzito wake. Mnara wa duara: chubueni karatasi ya upande mmoja mpaka mifereji ionekane, itaviringika bila kuvunjika.

Nyar_Nam
Naongeza moja, na kwangu ndiyo kubwa. Kingelez (1948–2015) hakuwa akipanga maboksi ya kupendeza tu. Kazi yake Kimbembele Ihunga ya 1994 ni kijiji alichozaliwa, akakipa maghorofa na uwanja wa mpira. Ville Fantôme ya 1996, yenye urefu wa mita 5.7, ni mji alioueleza kuwa hauna polisi, wanajeshi wala madaktari. Basi amueni kwanza: mji wenu unaishi kwa sheria gani? Mitumbwi inatia nanga wapi? Jengo lisilo na jina wala kazi, liondoeni.

Mkitumia bati la makopo ya soda, kunjeni ukingo milimita 3, linakata vidole vibaya. Gundi nyeupe hailishiki, wekeni supaglu.

Sanaa_Kondele
Asanteni sana. Plaiwudi ya chini nayo imeinuka pembe, na tuliipaka rangi.

Fundi_Manila
Juu tu, sivyo? Pakeni na chini, mara 2 kila upande, kisha mpigilie fito mbili za kukingama.